Waliowahi kuishi na Waserbia wa Meksiko, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nilisoma Mexico City miaka miwili, nikapanga chumba kwa mama mmoja mzaliwa wa hapohapo, baba yake Mserbia. Ukoo wao ni Jovanović, ila Kihispania husoma j kama h, basi benki na sokoni ni "Hovanovich" tu. Mama alishachoka kusahihisha, ukimwita vyovyote anaitika.

Kisa chenyewe ni cha Januari. Tarehe 6 Wameksiko hukata rosca de reyes, mkate wa duara uliofichwa kidoli. Kikiangukia kipande chako, tamales (unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke) za Februari 2 ni juu yako. Kesho yake, tarehe 7, ni Krismasi ya Waserbia kwa kalenda ya zamani, na mama anaoka česnica, mkate uliofichwa sarafu. Ukiipata, bahati ya mwaka mzima ni yako. Mimi nikapata vyote viwili! Jana mdaiwa, leo tajiri. Nikajitetea kwamba sarafu imefuta deni. Mama akakataa katakata, nikalisha tamales watu kumi na wanne.

Waserbia hawana mtaa wao pale, ni familia moja huku, nyingine kule. Leteni na vyenu.

Mnazi wa Jangwani: Meksiko sijafika, mkuu, ila mzee wangu hachoki kumsimulia Bora Milutinović. Mserbia yule alichezea klabu ya Pumas ya Meksiko, akaoa hukohuko, akawa kocha wa Meksiko Kombe la Dunia 1986 nyumbani kwao. Robo fainali wakatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti pale Monterrey. 1998 huyo yuko na Nigeria! Na sisi Yanga tulikuwa na kocha Micho, Mserbia pia. Serbia makocha wanaota kama uyoga.

Bibi Harusi wa Chicago: Nafanya kazi na dada mmoja, mama Mmeksiko, baba Mserbia. Desemba anaomba ruhusa mara mbili: tarehe 12 ya Bikira wa Guadalupe, tarehe 19 ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa ukoo wa baba yake. Siku hiyo wanaiita slava: mshumaa, mkate, ngano iliyochemshwa ikatiwa sukari. Babu yake mzaa baba alikuwa akiimba nyimbo za mariachi, za Kimeksiko, kwa Kiserbia. Nikadhani kajifunzia kwa wakwe, kumbe alitoka nazo Yugoslavia! Tito, kiongozi wa Yugoslavia, alipokosana na Stalin 1948, filamu za Kisovieti zikatoweka, zikaingia za Meksiko. Vijana wa Belgrade wakavaa sombrero na kuimba kwa lugha yao. Kwa hiyo babu alifika kwa wakwe nyimbo anazijua.

Msema Kweli 77: Karatasi za zamani, Waserbia na Wakroatia wote ziliwaandika Wayugoslavia. Mleta mada, una uhakika huyo si Mkroatia?

Mleta mada: Swali hilo nililiuliza mezani mara moja tu. Nikaongezewa supu, mada ikafungwa.