Ushauri: mzee yuko wodini, ana sonona, je, methilifenideti (dawa ya kuchangamsha ubongo) inafaa?

ZamuYaUsiku: Wakuu, naombeni ushauri. Mgonjwa ana miaka 79, moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri. Chakula hagusi, mazoezi hataki, ukimuuliza hujibu neno moja. Yuko siku ya 6 ya sitalopramu, dawa ya sonona, hakuna badiliko. Daktari anafikiria methilifenideti. Huanzwaje?

Mfamasia_K: Siku 6 ni chache mno kuihukumu sitalopramu. Huhitaji wiki 4 hadi 6, na kwa umri huo dozi isivuke mg 20 kwa siku, maana huvuruga umeme wa moyo. Methilifenideti huonyesha kazi ndani ya siku 2 au 3, ndiyo faida yake kwa asiye na muda wa kusubiri. Anzeni mg 2.5 asubuhi. Akiivumilia, ongezeni mg 2.5 ya mchana, isipite saa 8, la sivyo atakesha. Pandisheni kidogo kidogo kila baada ya siku 2 au 3. Wengi huishia kati ya mg 5 na 20 kwa siku. Msianze na ile ya vidonge vinavyoachia dawa polepole: ikileta shida, inakawia kuisha mwilini.

Dkt_Wazee: Mbona mnakimbilia dozi? Kwanza hakikisheni hajachanganyikiwa kwa ghafla. Ipo aina ya kimya, mgonjwa ametulia tu, na wodini huitwa sonona kila siku. Ataje siku za juma kinyumenyume. Akipotea, na hali yake inapanda na kushuka ndani ya siku moja, tafuteni maambukizi, mkojo uliokwama, dawa za usingizi, sodiamu (chumvi ya damu) iliyoshuka. Sitalopramu yenyewe hushusha sodiamu kwa wazee! Kichangamshi kama methilifenideti hapo kitamzidishia fujo. Pimeni pia thairoidi, vitamini B12 na wingi wa damu.

Kuhusu moyo: kama ana maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, presha isiyotulia au alipata shambulio la moyo karibuni, mimi nisingeitoa.

ZamuYaUsiku: Asante, mkuu. Nimesahau, yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mfamasia_K: Basi INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) irudiwe mapema, methilifenideti inaweza kuipandisha. Presha na mapigo pimeni kabla ya dozi na saa 1 au 2 baadaye. Hofu ya kukosa hamu ya kula ni halali, ila kwa dozi hizi wengi huanza kula. Hesabuni alichokula, msitegemee mizani: kwa moyo huo kilo zinaweza kuwa maji.

Dkt_Wazee: Na akitaja kutaka kufa, daktari wa akili aitwe leo hii.