Vituo vya NASA: roketi moja, majimbo manne. Nani hasa anafanya nini?

Kimondo77
Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa. Hatua kuu (kipande kikubwa chenye matangi na injini) ya roketi ya SLS iliyobeba Artemis I, safari ya majaribio ya kwenda Mwezini bila wanaanga, iliundwa New Orleans, ikawashwa kwa majaribio Mississippi, ikarushwa kutoka Florida, kisha ikiwa angani uongozaji ukahamia Texas. Makao makuu yenyewe yako Washington. Juu ya hapo kuna Ames, Glenn na Langley ambavyo havirushi kitu. Kwa nini kazi moja isambazwe hivyo? Na mtu akisoma ripoti atajuaje kituo kipi kinahusika na nini? Majina yanachanganya: huyu ni "wa utafiti", yule ni "wa safari za anga", mwingine ni "wa anga" basi.

Mzingo
Mkuu, majina yanasaidia ukijua yametoka wapi. Langley (1917), Ames (1939) na kile cha Cleveland ambacho leo kinaitwa Glenn vilikuwepo kabla ya NASA. Vilikuwa vya NACA, baraza la serikali la utafiti wa ndege. NASA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 1958 ilivirithi pamoja na mahandaki yake ya upepo na wahandisi wake. Kituo cha Armstrong, kule jangwani Edwards, California, ni cha ukoo huohuo. Ndege ya roketi ya X-15 iliruka mara 199 katika anga hiyo. Goddard (1959) ilianzishwa kwa ajili ya setilaiti na sayansi. Marshall (1960) ilianza na timu ya roketi ya jeshi iliyokuwa Huntsville chini ya Wernher von Braun. Houston (Texas), Kennedy (Florida) na Stennis (Mississippi) vilizaliwa au kukua kwa sababu ya mbio za Mwezi.

Kwenye ripoti, tenganisha maswali mawili: ni nani anaongoza mradi, na mtambo unaotumika ni wa nani. Watu wengi hukwama kwa kuyachanganya. SLS inaongozwa na Marshall. Orion, kapsuli ya wanaanga inayokaa juu ya roketi hiyo, inaongozwa na Johnson, yaani Houston. Mitambo ya ardhini ya kuunganisha na kurusha inaongozwa na Kennedy. Vituo vingine vyote huingia kwa sababu vina kifaa au ujuzi ambao kiongozi wa mradi hana.

Fuata hatua kuu yenyewe uone. Ina urefu wa karibu mita 65 na kipenyo cha mita 8.4, kwa hiyo haipiti barabarani wala kwenye reli. Ndiyo maana kiwanda cha Michoud (kiko New Orleans lakini kiko chini ya Marshall), Stennis na Kennedy vyote vinafikika kwa maji. Inasafirishwa kwa tishari liitwalo Pegasus. Stennis nayo imezungukwa na ukanda wa ekari zipatazo 125,000 uliotengwa kwa sababu ya kelele, maana injini nne za RS-25 zikiwaka pamoja mtikisiko wake si wa kuweka jirani na mji.

Na majaribio hayo si maonyesho. Tarehe 16 Januari 2021 injini zilipaswa kuwaka kama dakika 8, zikazimwa baada ya sekunde 67 hivi. Injini zenyewe hazikuwa na shida. Vipimo vya mfumo wa haidroliki unaozigeuza injini ili kuelekeza roketi vilivuka vikomo, na vikomo vyenyewe vilikuwa vimebanwa makusudi: kipande hicho ndicho kingeruka, hakukuwa na cha akiba. Kompyuta ikakata. Wakarekebisha vikomo, wakarudia tarehe 18 Machi, zikawaka zaidi ya sekunde 499. Kungekuwa na kasoro halisi, ingekutwa pale juu ya jukwaa, si juu ya bahari ya Atlantiki.

Ngazi_ya_Tatu
Naongezea kwa Kennedy, kwa sababu watu hudhani kazi yake ni kubonyeza kitufe. Roketi huunganishwa ndani ya jengo la VAB lenye urefu wa mita 160, hupelekwa kwenye jukwaa 39B juu ya gari la minyororo kwa mwendo usiofikia hata kilomita 2 kwa saa, halafu hujazwa mafuta, na hapo ndipo taabu huanza. Tarehe 3 Septemba 2022 Artemis I iliahirishwa kwa sababu haidrojeni ilivuja kwenye kiungo cha bomba la inchi 8 kinachojiachia wakati roketi inapoinuka. Haidrojeni ya kimiminika iko nyuzi -253 za Selsiasi. Kila kitu husinyaa, muhuri unaoziba kiungo nao husinyaa, na molekuli ya gesi hiyo ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo upenyo usioonekana kwa macho unaitosha. Walibadilisha mihuri, halafu wakabadilisha na namna ya kujaza: taratibu zaidi, bila kupandisha presha ghafla, ili bomba na muhuri vipoe pamoja. Hata usiku wa kurusha, 16 Novemba, ilibidi kikundi kidogo kiingie jukwaani kukaza nati za vali nyingine ya haidrojeni huku roketi ikiwa na mafuta.

Houston hupokea uongozaji roketi ikishauvuka mnara. Kabla ya hapo sauti unayoisikia ni ya Florida.

Kimondo77
Hapo nimeelewa, shukrani. Lakini Ames sijaipatia nafasi. Kama Orion ni ya Houston, Ames inaingilia wapi?

Mkaa_na_Moto
Kwenye ngao ya joto, mkuu, na huu ndio mfano mzuri kuliko yote.

Orion iliporudi tarehe 11 Desemba 2022, ngao yake ilikutwa imepoteza vipande vya mkaa katika sehemu zaidi ya 100. Kapsuli ilikuwa salama na ndani joto halikupanda vibaya, lakini nyenzo hiyo, Avcoat, hutakiwa kuungua pole kwa pole, si kumeguka. Ames ina mitambo ya tao la umeme: hewa hupitishwa kwenye tao, ikapata joto kali, kisha ikapulizwa kwa kasi juu ya sampuli ya ngao. Huko ndiko walikoweza kurudia kosa lenyewe.

Kumbe Orion iliingia kwa kurukaruka: inazama kwenye hewa, inapanda tena kidogo, halafu inashuka moja kwa moja. Katika kipindi cha katikati joto la nje lilipungua, kwa hiyo mkaa wa juu haukuendelea kutengenezeka na kufungua vinyweleo vyake, ilhali ndani nyenzo iliendelea kutoa gesi. Gesi ikakosa pa kutokea, presha ikapanda, ngao ikapasuka. Majaribio ya awali yalitumia joto kali zaidi kuliko lile la safarini. Chini ya joto hilo mkaa ulikuwa unapitisha gesi, na tatizo likajificha. Yaani kupima kwa ukali zaidi kuliko hali halisi si lazima kuwe kupima vizuri zaidi. Matokeo yalitangazwa Desemba 2024, na kwa Artemis II, safari iliyofuata yenye wanaanga, wakaamua kuacha ngao ileile na kubadili njia ya kuingia.

Langley nayo iliangusha Orion za mfano kwenye bwawa lake kupima pigo la maji. Sehemu ya Glenn ni chumba cha ombwe kule Sandusky, Ohio, kikubwa kuliko vyote duniani, kipenyo kama mita 30. Orion ya safari hiyo ililetwa humo kupimwa kwa joto na baridi ya anga.

Zohali_
Msisahau upande usio na wanaanga. Maabara ya JPL ya Pasadena, California, huhesabiwa kati ya vituo 10, lakini wafanyakazi wake ni waajiriwa wa chuo cha Caltech kwa mkataba na NASA, si watumishi wa serikali. Vigari vya Mirihi ni vyao, na mtandao wa antena za masafa marefu ni wao: Goldstone, Madrid na Canberra, zimepishana karibu nyuzi 120 ili chombo kisipotee Dunia inapozunguka. Isipokuwa chombo cha Voyager 2. Kwa jinsi ilivyoelekea kusini, amri huipata kutoka dishi la mita 70 la Canberra peke yake, ndiyo maana dishi hilo lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Machi 2020 walibaki kuisikiliza kwa miezi bila kuituma kazi za kawaida.

Darubini ya Webb iliongozwa na Goddard. Vioo vilipimwa kwa baridi Marshall, vikaunganishwa na vifaa vya sayansi Goddard, halafu mwaka 2017 mzigo wote ukapelekwa Houston kwa sababu chumba cha ombwe A pale kilitosha kuupoza mzima. Ndicho kilichojengwa kwa ajili ya Apollo. Kimbunga Harvey kilipiga jaribio likiwa katikati, na halikukatizwa. Unaona: mradi wa Goddard, mtambo wa Johnson.

Kimondo77
Swali la mwisho. Kuna "Neil Armstrong Test Facility" na kuna kituo cha Armstrong. Ni kimoja?

Mzingo
Hapana, na hata waandishi wa habari huchanganya. Cha kwanza ndicho hicho chenye chumba cha ombwe Ohio, zamani kikiitwa Plum Brook, na kiko chini ya Glenn. Cha pili ni kituo kamili cha majaribio ya ndege kule California, kiliitwa Dryden hadi 2014. Kwa mtindo huohuo, Wallops ya Virginia, inayorusha roketi ndogo za utafiti, iko chini ya Goddard, na White Sands ya New Mexico kwa upande wa NASA iko chini ya Johnson. Ukikuta jina ambalo halimo kwenye orodha ya vituo 10, tafuta kwanza liko chini ya nani.