Sekondari za ufundi: mpaka lini tutajifunza kujenga kwa kunakili notisi?

Wakuu, niseme bila kuzunguka: mwanafunzi wa ujenzi anayemaliza shule ya ufundi bila kusimamisha hata kona moja ya ukuta kwa mikono yake ameibiwa. Tena ameibiwa mchana kweupe, maana kwenye ratiba imeandikwa "vitendo" kila wiki.

Niko mwaka wa mwisho. Karakana tunayo. Miko ipo, timazi zipo, pima maji zipo, zote zimefungiwa stoo eti zitaharibika. Kipindi cha vitendo kikifika, mwalimu anajaza ubao hatua za kujenga, sisi tunanakili mpaka kengele. "Lowesha tofali kabla ya kujenga." Sawa, tumekariri. Nani ametuonyesha tofali kavu linavyofyonza maji ya mota, ule mchanganyiko wa kushikanisha tofali, mpaka mota inabaki unga na tofali halishiki? Ukiliona kwa macho yako mara moja, halikutoki maisha.

Au kona ya msingi. Darasa zima linajua pembetatu ya 3, 4, 5 ya Pythagoras, ile yenye kona ya nyuzi 90, na kwenye mtihani wa hesabu tunapata. Sasa mpe huyo huyo kamba, vigingi na tepu, umwambie apange kona. Anabaki kutazama wenzake. Hajawahi kuambiwa kwamba mita 3 huku na mita 4 kule, hanamu, yaani mshazari unaounganisha ncha hizo mbili, ikisoma mita 5.05 badala ya 5, kona imeshafunguka zaidi ya nyuzi 91, na ukuta wa mita 12 utafika mwisho umehama kama sentimita 25. Robo mita! Huko juu fundi wa paa ndiye atakayelaaniwa.

Uchoraji ndio unaniuma kuliko vyote. Tunapewa ramani iliyokwisha kuchorwa, tunaihamishia kwenye karatasi kwa skeli ya 1:100, na maksi zinatolewa kwa usafi wa mistari na uzuri wa herufi. Usafi ni muhimu, sikatai. Lakini kuna watu darasani kwetu wamechora madirisha miaka yote hawajui kwamba ramani ya sakafu ni jengo lililokatwa kwa mlalo, mita moja na kitu juu ya sakafu, na ndiyo sababu dirisha linaonekana humo. Waambie wachore mkato A–A, yaani jengo lililokatwa kwa wima, bila kuwapa wa kunakili uone. Linta, ile boriti ya juu ya dirisha na mlango, inaelea hewani, msingi unaanzia juu ya ardhi, na hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna aliyewahi kuigusa linta.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe: mwalimu wa uchoraji na mwalimu wa uashi hawakutani. Tunachochora hatukijengi. Kwenye ukuta wenye unene wa tofali moja kuna kile kipande chembamba kinachokaa karibu na kona ili viungio vya kozi (safu ya tofali) ya juu visiangukie vya chini. Kwenye karatasi watu wanakichomeka popote, maana kwao ni kimstari tu. Angechora kona hiyo Jumatatu na kuijenga Jumatano, angekiweka mahali pake hata usiku wa giza.

Kisingizio chao ni saruji, kwamba ni ghali na ukuta wa mazoezi lazima uvunjwe. Hicho ndicho kinachonipandisha hasira kabisa, kwa sababu mazoezi hayahitaji saruji! Unachanganya chokaa na mchanga, unajenga, mwalimu anapima wima, usawa na unene wa viungio, anatoa maksi, mnabomoa, mnakwangua tofali na kuzipanga. Kundi linalofuata linajenga kwa tofali zile zile, na mchanganyiko ule ule unapondwa na kulowekwa tena. Vyuo vya uashi vinafanya hivyo tangu zamani, si uvumbuzi wangu.

Na msiniletee jibu la "mtajifunza saiti". Saiti kuna kazi ya watu na tarehe ya kukabidhi. Fundi mkuu akiona hujui kushika mwiko anakupa ndoo ubebe zege, na cheti chako kinabaki kwenye bahasha.

Walimu wa ufundi mliomo humu, nijibuni: mnashindwa wapi kufungua stoo, kununua chokaa, na kutuacha tujenge kile tulichokichora wiki hiyo hiyo?