Mrejesho: lile gari nililolikwaruza nikiegesha

Asanteni sana mlionijibu. Niliuliza kama naweza kushtakiwa kwa kukwaruza bampa ya gari lililoegeshwa, ingawa niliacha karatasi yenye namba yangu kwenye kioo cha mbele. Usingizi uliniruka kabisa. Mwenye gari amepiga leo, mama mpole mno, tukakutana palepale. Fundi aliyekuja naye akapitisha ukucha juu ya mchubuko, ukucha haukukwama, maana yake hakijachimbika kwa kina. Kumbe ule weupe mwingi ni rangi ya gari langu iliyoganda pale! Akausugua kwa polishi, ukatoka. Imebaki alama ndogo pembeni, hiyo nitailipia. Tumepiga picha na kuandikiana, kama mlivyonishauri. Bima nawapigia kesho, maana mikataba mingi inataka utoe taarifa hata kama hudai kitu.