Tupeane uzoefu: imani ilikusaidiaje kuushinda ubinafsi?

Mleta mada:
Wapendwa katika Bwana, nawasalimu nyote. Makanisani tunakemewa sana juu ya ulevi, uzinzi na ushirikina, lakini ubinafsi haukemewi mara nyingi, kwa sababu mtu mbinafsi anaweza kutoa zaka kamili, kuimba kwaya na hata kuongoza jumuiya, na bado akaonekana Mkristo mwema. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi katika sura ya 2 kwamba kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe bali aangalie mambo ya wengine, na papo hapo akawaonyesha Kristo, ambaye alitwaa namna ya mtumwa.

Kwa maoni yangu, mzizi wa ubinafsi ni hofu ya kupungukiwa. Yule tajiri wa Luka 12 alikuwa amevuna hadi akakosa mahali pa kuweka mavuno, na bado alichowaza ni ghala kubwa zaidi. Ndiyo maana maazimio peke yake hayatoshi: anayeogopa kupungukiwa hawezi kuachilia mpaka amwamini Yule atakayemtunza. Naomba tusihubiriane hapa. Kila mmoja aeleze tendo alilolifanya au alilolishuhudia, alifanyiwa nani, na liligharimu nini.

Mchangiaji kutoka Same:
Mimi ni Msabato wa milima ya Upare, ambako kanisa letu lilianza kazi mwaka 1903. Kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu kama ilivyoandikwa katika Yohana 13, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Nitaeleza niliyoyaona kwa baba yangu.

Kwetu mashamba humwagiliwa kwa maji ya ndiva, yaani bwawa linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila familia ina zamu yake. Baba alikuwa na tabia ya kuchelewa kuuziba mfereji zamu yake inapokwisha, hivyo maji yaliyofika kwa baba mdogo, ambaye shamba lake liko chini ya letu, yalikuwa haba. Waliacha kusalimiana. Wazee waliwaita mara kadhaa, na kila mara baba alishinda kwa maneno, kwa kuwa ni msemaji hodari na ndiye mkubwa.

Sabato moja, vijana tulipokuwa tukijaza maji katika mabeseni, nilimwona baba akichukua taulo, akaelekea moja kwa moja hadi alipoketi mdogo wake na kupiga magoti. Baba mdogo aliurudisha mguu nyuma, kama Petro, kwa maana katika desturi zetu si jambo jepesi kaka mkubwa kupiga magoti mbele ya mdogo. Baba aliushika mguu ule, akaosha hadi katikati ya vidole, akasema kwa sauti iliyosikika kwa majirani: "Maji yako nimeyala mimi." Hakuongeza sababu yoyote.

Jambo kubwa kwangu ni yaliyofuata. Kiangazi kile baba alimwachia mdogo wake zamu zetu kadhaa, na maharage yetu yakawa machache kweli. Hakuna muujiza uliotokea shambani, tulinunua chakula. Mama alipouliza tutaishije, baba alijibu kwamba Mungu aliyetulisha tulipokuwa tunaiba hatatuacha njaa tukiwa waaminifu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba toba yake ilikuwa ya kweli.

Mchangiaji kutoka Mbeya:
Nitasema kwa ufupi. Niliongoza sauti ya kwanza katika kwaya kwa miaka mingi, na kila binti mwenye sauti nzuri alipojiunga nilipata sababu ya kumweka nyuma. Niliombea jambo hili nikitaka Mungu aniondolee wivu kwanza, ndipo nimwachie mwingine nafasi. Mchungaji alinishauri nianze kwa kumwachia, hata kama wivu ungalipo. Nilimfundisha binti mmoja ubeti wangu nikiwa nimeumia moyoni, na wivu ulipungua baadaye, polepole.

Mchangiaji kutoka Bukoba:
Bibi yangu aliokoka katika Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na huku kwetu. Kwao kutubu bila kurudisha hakukuhesabiwa. Watu walibeba majembe waliyoiba, wakayarudisha mchana kweupe, wakifuata mfano wa Zakayo. Bibi mwenyewe alirudisha shuka aliyoikopa na kuificha, akiwa amepita nayo sokoni mikononi.

Hata hivyo nina angalizo. Baadhi ya ndugu walianza kujivunia ungamo lao na kuwadharau waliokuwa hawajaungama, na huo nao ni ubinafsi uliovaa vazi la toba. Bibi alilijua hilo, na alipotoa ushuhuda alitaja kosa lake kwa sentensi moja na kumtaja Yesu kwa muda mrefu.

Mchangiaji kutoka Mombasa:
Nimeguswa, lakini nina swali. Mimi ni kifungua mimba, nina kazi, na kaka zangu hunipigia simu wanapohitaji fedha tu. Nikikataa, wazee hunisomea Wafilipi 2. Je, unyenyekevu ni kutoa mpaka nikaushwe?

Mleta mada:
Dada yangu, pole sana, na asante kwa kulisema wazi. Yohana 13:3 inaeleza kwamba Yesu, kabla ya kuchukua kitambaa, alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake. Hakutawadha miguu kwa sababu ya kushurutishwa au kwa kuogopa kusemwa. Anayetoa kwa hofu ya lawama bado anaongozwa na hofu ile ile inayomfunga mchoyo. Waambie kaka zako kwa upole kile unachoweza na kile usichoweza, na uwaombe wazee wawasomee na wao sura hiyo hiyo, kwa maana Paulo aliandika "kila mtu", na hao kaka zako wamo.