Cherehani ya bibi niiite "old", "antique" au nini?

Sindano_Butu:
Wakuu, naomba msaada. Nina cherehani ya mkono niliyorithi kwa bibi, ya 1961. Mwaka nimeuona kwenye risiti aliyoikunja akaificha kwenye droo ya vifungo. Nataka kuiuza mtandaoni kwa maelezo ya Kiingereza. Niliandika "old", nikaona wateja watadhani ni kuukuu, chuma chakavu tu, na gurudumu lake ukiligusa kwa kidole linazunguka lenyewe. Nikafungua kamusi, nikaokota "elderly". Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. Sasa niandike "ancient"? "Antique"?

Msahihishaji:
Mwache acheke 😀 "Elderly" ni la watu, tena la heshima. Ukilivisha cherehani, msomaji anaiona imeshika mkongojo. "Ancient" ni la enzi za Mafarao, au la utani. "Antique" najua linakuvutia, lakini wauzaji wa vitu vya kale kwa kawaida hulitumia kwa kitu kilichofikisha miaka 100 hivi, na forodha ya Marekani inashika hiyo hiyo 100. Yako bado. Andika "vintage". Asili yake ni mavuno ya zabibu, likaenda kwenye mvinyo wa mwaka fulani, ndiyo maana ukilitaja mtu anasikia cha zamani na kizuri kwa pamoja.

Koma_Nukta:
Naongezea, "old" wala si tusi. Sisi tuna kuukuu, kongwe, -zee, -a kale. Wao mzigo wote huo wanambebesha "old" peke yake. "My old school" si shule iliyochakaa, ni ile niliyosoma zamani. "An old friend" anaweza kuwa kijana wa miaka 20, mradi mmejuana tangu utotoni. Na ukitaja umri, ni "a sixty-year-old machine". Hapo "year" haichukui "s", kosa hilo nalisahihisha kila wiki.

Sindano_Butu:
Nimeandika "vintage 1961 hand-crank sewing machine, in working order". Binti kaipitisha. Kuna na mkasi uliokuja nayo, umeshika kutu hadi haufunguki. Huo nauita "old" bila kuona haya.