Tairi mpya, za kubandika au mitumba kwa Jimny ya njia za Pemba?

Mkarafuu_Wete

Assalaam alaykum nyote. Naomba ushauri kwa wanaojua, maana fedha ni ya kupimia na msimu wa karafuu haungoji mtu.

Nina Suzuki Jimny ya 2004, ringi 15, gia za mkono. Naishi Wete. Shamba letu la familia liko upande wa Konde, na mvua ikinyesha kile kilima cha mwisho kinakuwa mlenda mtupu. Juu ya hayo, kila wiki nampeleka mama Micheweni kwa dada yake, na huko wenyewe mnakujua: mawe makali yamechomoza njiani kama visu.

Tairi za nyuma zimekuwa kipara, za mbele zimebakiwa na meno kidogo. Nimeoneshwa aina tatu. Kuna mpya za njia mchanganyiko, zile zenye alama ya A/T. Kuna za kubandika, wengine wanaziita ritredi, zenye meno makubwa ya matope, bei yake imezidi kidogo nusu ya mpya. Halafu kuna mitumba kutoka Dubai, rahisi kuliko zote, na kwa macho zinaonekana nzima.

Moyo wangu uko kwenye za kubandika, mbili za nyuma, na za mbele zibaki hizi hizi. Meno yake ni mazuri kuliko hata ya hizo mpya. Ila ami yangu kanikataza kabisa, na hakunipa sababu. Nipeni sababu.

FundiMpira_Chake

Wa alaykum salaam. Ami yako hakukosea, lakini mtu akikatazwa lazima aelezwe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tairi ya kubandika inaanza na tairi iliyokwisha meno. Kiwandani inakaguliwa, inakwanguliwa ule mpira wa juu mpaka iwe sawa, halafu inavishwa mpira mwengine. Njia ziko mbili. Ya kwanza inatumia ukanda wenye meno tayari, unabandikwa kwa mpira mlaini wa kushikisha, kisha tairi inapikwa kwenye chemba kwa joto la kama nyuzi 100. Ya pili inavisha mpira mbichi, tairi inaingizwa ndani ya kalibu na kupikwa kwa joto la kama nyuzi 150, na meno yanachorwa humo humo. Kazi ikifanywa vizuri haibanduki ovyo. Ndege za abiria zinatua kwa tairi zilizobandikwa, tena zaidi ya mara moja. Malori dunia nzima yanatumia. Kwa hiyo anayesema kila tairi ya kubandika ni takataka hasemi kweli.

Sasa angalia kilichobadilishwa: meno tu. Ubavu ni ule ule wa zamani, na nyuzi za ndani ni zile zile zilizokwishatembea. Tairi ya lori imeundwa tangu mwanzo kwa kubandikwa, mwili wake mzito wa nyuzi za chuma. Tairi ya gari ndogo mwili wake ni mwepesi, na hujui aliyekuwa nayo kwanza aliitembeza vipi, pengine miezi mizima bila upepo wa kutosha.

Na wewe mawe ya Micheweni hayakukati kwenye meno. Yanakukata ubavuni.

Mchuuzi_Mkoani

Fundi, kwa heshima zako, mimi nasimama upande wa pili. Nina Escudo nimeivisha za kubandika nyuma zote mbili, msimu wa pili sasa. Kengeja, Mtambile, mpaka mashambani ndani ndani, na magunia juu. Sijapata pancha ya kunisumbua. Kwenye tope zinapanda kuliko mpya nilizokuwa nazo kabla, kwa sababu yale meno makubwa yanautema udongo, hayazibi. Kwenye lami zinavuma kidogo, basi.

Mtu hana pesa ya mpya nne, unamwambia nini? Abaki na vipara? Kipara kwenye udongo uliorowa ndicho kinachotupa watu mitaroni kila masika.

FundiMpira_Chake

Hapo kwenye kipara nakuunga mkono moja kwa moja. Na kwa njia zako za udongo, mwendo wa polepole, za kubandika zilizotengenezwa vizuri zinafaa. Udongo haukati ubavu. Ila umefanya jambo zuri kuziweka nyuma. Marekani sheria inakataza kabisa basi kufungwa tairi ya kubandika kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu ya mbele ikipasuka usukani unakuhama.

Anayetaka kununua asinunue kwa kuangalia meno. Afanye hivi. Atie mkono ndani ya tairi na kupitisha kiganja pole pole pande zote. Akihisi mawimbi, kiraka kikubwa au nyuzi zimejitokeza, airudishe. Kisha agonge juu kwa spana ndogo akizunguka. Pale mpira uliposhika mlio unakuwa mmoja, na palipoachia mlio unabadilika, unakuwa mtupu, utausikia tu. Mwisho atazame ukingo, pale mpira mpya unapokutana na wa zamani. Ukucha ukiingia, hiyo si tairi ya kufunga.

Na jengine ambalo wengi linawapita: iliyobandikwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, namba 108 kwa gari ndogo na 109 kwa za biashara, huandikwa ubavuni RETREAD na tarakimu nne za tarehe. Tarehe hiyo ni ya kubandikwa. Si ya kuzaliwa kwa tairi. Unaweza kushika tairi unayodhani ya mwaka jana kumbe mwili wake ni mtu mzima.

Mwalimu_Makunduchi

Mie nipo Unguja, kusini, na huku kwetu ni uwanda wa mawe mtupu. Yamenikuta, naomba niyaseme.

Nilinunua mbili za kubandika kwenye duka moja la mjini. Nzuri, nyeusi, zimepakwa dawa zinang'aa. Mwezi wa tatu hivi natoka skuli, nimepita njia ya ndani ya mawe ili niwahi maiti. Sikwenda mbio. Nikasikia mshindo mmoja upande wa abiria na gari ikalala. Niliposhuka, meno yote mazima kabisa, hata hayajaanza kulika. Ubavu ndio umefunguka urefu wa kiganja, nyuzi zimetoka nje. Fundi aliponivulia ile tairi na kuufuta ubavu kwa kitambaa chenye sabuni, ile dawa ya kung'arisha ikatoka, na chini yake mpira umejaa mipasuko midogo midogo kama tope la bwawa lililokauka. Alinambia ubavu hauzibwi, nikaitupa.

Nilirudi dukani nikaambiwa hakuna dhamana. Maziko sikuyawahi. Tangu siku hiyo kabla ya kununua naomba maji na sabuni, na muuzaji akikasirika naondoka.

Mkarafuu_Wete

Pole sana mwalimu wangu, na Mungu amrehemu marehemu. Na mitumba je? Hakuna aliyeitaja.

Kusi_Nungwi

Mitumba soma zile tarakimu nne mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Jua na hewa vinaula mpira hata tairi ikiwa imelala dukani. Mtumba mkongwe una kasoro ile ile ya kubandika, ubavu mzee, na hata meno mapya hupati. Mimi sinunui.

Nyengine kuhusu mchanga, maana napeleka wageni fukweni kila siku. Jimny ni nyepesi, haifiki kilo 1,200 ikiwa tupu. Mchangani natoa upepo mpaka geji isome PSI 15 au 18 ili tairi ilale na ipate upana. Mpya yenye ubavu mlaini inalala vizuri. Ya kubandika niliyowahi kufunga ilikuwa nene na ngumu, natoa upepo na bado imesimama vile vile, gari inachimba. Na ukitoka mchangani jaza kabla ya kuingia lami. Upepo mdogo na mwendo wa lami huipasha tairi moto, na moto ndio unaobandua tairi, mpya au ya kubandika.

FundiMpira_Chake

Mkarafuu, nina swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo. Jimny yako ni ya foo wili ya kutia na kutoa kwa mkono. Haina difu ya katikati, ile inayoachia mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Tairi zote nne ziko saizi moja? Chukua chaki, tia alama chini ya kila tairi na kwenye saruji, sukuma gari mpaka alama irudi chini, tia alama nyengine, pima kwa futi ya utepe.

Mkarafuu_Wete

Fundi, Mungu akulipe. Nimepima na mwanangu baada ya alasiri, uwani. Mbele nimepata mita 2 na sentimita 5. Nyuma mita 2 na sentimita 12. Nikapima mara ya pili nikidhani mkono umetetemeka, jawabu ile ile. Ndipo nikasoma ubavuni: mbele 205/70R15, nyuma 195/80R15. Nimeinunua hivi na sikuwahi kutazama.

Na kuna jambo. Nikitia foo wili kilimani ikafanya kazi, nikifika lami kigiya hakitoki. Navuta kwa nguvu, mpaka nirudi nyuma kidogo ndio kinaachia kwa mshindo. Nilidhani ni ukongwe wa gari.

FundiMpira_Chake

Si ukongwe. Ukitia foo wili, mbele na nyuma zinafungwa zizunguke pamoja. Tairi zako kila mzunguko zinaachana sentimita 7. Kwenye tope zinateleza zikasawazika, kwenye lami hazina pa kuteleza, kwa hiyo nguvu yote inajikaza ndani ya gia boksi ya foo wili na kwenye meno ya difu. Ndio maana kigiya kinakwama. Ukiendelea hivyo utanunua gia boksi, na hapo bei ya tairi utaiona ndogo.

Kwa hiyo lile wazo la mbili za kubandika nyuma na za mbele zibaki, kwako haliwezekani. Hata saizi iliyoandikwa ikiwa moja, ya kubandika yenye meno marefu inaweza kuizidi iliyolika kwa sentimita kadhaa kila mzunguko. Funga nne za aina moja. Saizi iliyotoka na gari yako ni 205/70R15.

Mchuuzi_Mkoani

Hili la kigiya sikulijua, na Escudo yangu inafanya hivyo hivyo. Kesho napima. Ila bado nasema, kwa mtu ambaye gari yake haitoki shamba na njia yake ni udongo, nne za kubandika zilizokaguliwa vile alivyosema fundi zinamtosha.

FundiMpira_Chake

Zinamtosha, nami ningemfungia mwenyewe.

Mkarafuu_Wete

Nimeamua mpya nne. Nimeuza pikipiki iliyokuwa imekaa tu, na ami kanikopesha zilizobaki mpaka niuze karafuu. Kama si mama na njia ya Micheweni, pengine ningechukua za kubandika.

Leo nimekwenda dukani, wakanitolea nne mpya zimefungwa nailoni. Nikaomba tochi, nikasoma: 4116 zote. Wiki ya 41, 2016. Hazijaguswa na barabara, lakini miaka yote hiyo zimekaa juu ya dari la bati. Nimezikataa kwa adabu, wamesema shehena nyengine inakuja na meli ya Ijumaa.

FundiMpira_Chake

Umefanya vyema, usiwaonee haya. Zikija zisome zote nne, si moja tu, maana huchanganywa. Ringi zako niletee mapema nizikwangue kutu kwanza. Chumvi ya huku inaula ule ukingo wa ringi na tairi mpya inavuja upepo kidogo kidogo bila ya pancha. Na uje na spea tuipime, isije ikawa hiyo nayo ni ya saizi nyengine.